Pesa ya ziada kwenye deni la nyumba: kumbukumbu ya Kilosa na Mikumi

Riba ya mkopo wa nyumba huhesabiwa juu ya deni lililobaki, si juu ya kiasi kilichokopwa mwanzoni. Hiyo ndiyo riba ya salio linalopungua, njia ya kawaida ya benki za Tanzania katika mikopo ya nyumba ya muda mrefu. Salio la leo huzidishwa kwa kiwango cha riba cha mwaka, kisha hugawanywa kwa siku 365, na jibu ndilo riba ya siku hiyo. Riba za siku zote za mwezi hujumlishwa. Rejesho likiingia hulipa kwanza tozo au faini kama ipo, halafu riba iliyokusanyika, na kinachobaki ndicho hupunguza deni la msingi. Kwa hiyo mkopaji anayelipa zaidi ya rejesho lake ana kitu kimoja tu cha kulenga, nacho ni salio. Salio likishuka leo, riba ya kesho inashuka. Lisiposhuka, hata kama pesa imeshatoka mfukoni, riba inaendelea kama hakuna kilicholipwa.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi hawaijui mpaka iwakute. Iliikuta familia moja yenye nyumba Mikumi: baba mwalimu wa sekondari aliyekuwa akifundisha Kilosa mjini, mama muuguzi. Walikuwa na kiwanja kilichopimwa, chenye hati, na boma lililoishia kwenye linta kwa miaka kadhaa kwa kukosa pesa ya kupaua. Benki iliwapa Sh 24,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, zilipwe kwa miaka 15. Rejesho la mwezi lilikuwa Sh 335,901. Karatasi zote za deni hilo, kuanzia barua ya mkopo hadi risiti za dirishani, zilitunzwa kwenye bahasha moja ya kaki, na hesabu zinazofuata zimejengwa juu ya mkopo huo.

Wazazi wao hawakuwa na deni la aina hiyo. Kilosa ilikua kwa reli ya kati na mashamba ya mkonge, na mfanyakazi wa reli au wa shamba aliishi kwenye kota ya mwajiri. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikopesha watu kujenga, lakini ilikufa mwaka 1995. Baada ya hapo mtumishi wa wilayani alijenga kwa kudunduliza: msingi mwaka huu, tofali mwaka kesho, bati akijaliwa. Aliyekopa alichukua mkopo wa mshahara wa miaka michache, unaokatwa juu kwa juu kabla pesa haijamfikia, huku sheria ikimlinda abaki angalau na theluthi moja ya mshahara wake. Mkopo wa nyumba wa muda mrefu ulipata nguvu tena baada ya sheria ya mwaka 2008 iliyorekebisha masharti ya rehani, na baada ya kuanzishwa mwaka 2010 kwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu za kukopesha wenye nyumba. Ndiyo kusema hata leo, katika miji kama Kilosa na Mikumi, ni kaya chache zenye mzee anayeweza kumweleza kijana wake jinsi deni la miaka 15 linavyotembea. Elimu hiyo kila familia inaianza upya, na inaigharimu.

Somo la kwanza liko kwenye rejesho la kwanza. Asilimia 15 ya Sh 24,000,000 ni Sh 3,600,000 kwa mwaka, yaani Sh 300,000 kwa mwezi. Kati ya Sh 335,901 zilizolipwa mwezi wa kwanza, Sh 300,000 zilikuwa riba na Sh 35,901 tu ndizo zilizopunguza deni. Mwezi wa pili riba ilihesabiwa juu ya salio dogo kidogo, kwa hiyo sehemu ya msingi ikaongezeka kwa shilingi mia nne na ushee. Ni mwendo wa pole sana. Mwaka ulipokwisha, familia ilikuwa imelipa zaidi ya Sh 4,030,000, na deni lilikuwa limepungua kwa Sh 461,698. Muuguzi aliposoma taarifa ya mkopo alidhani kuna kosa la uchapaji. Hakukuwa na kosa. Kwa ratiba hiyo, mpaka rejesho la 180 familia ingekuwa imelipa karibu Sh 60,460,000, na Sh 36,460,000 kati ya hizo ni riba.

Hesabu hizi zinachukua miezi yote kuwa na urefu mmoja. Kwenye taarifa halisi namba hupanda na kushuka, kwa sababu riba ni ya siku. Salio la Sh 24,000,000 huzaa riba ya Sh 305,753 katika mwezi wa siku 31, na Sh 276,164 katika Februari ya siku 28. Mkopaji anayeona riba ya Machi imepanda bila maelezo asidhani ameibiwa. Ahesabu siku kwanza.

Pesa ya ziada ilitokana na miwa. Muuguzi alikuwa na shamba dogo Ruhembe, upande wa mashamba yanayolisha viwanda vya sukari vya Kilombero, na malipo ya miwa huja kwa msimu, si kwa mwezi. Hivyo ndivyo kipato kilivyo kwa kaya nyingi za wilaya hii. Mpunga na mahindi huuzwa baada ya kuvuna, na Mikumi wageni wa hifadhi hujaa zaidi miezi ya kiangazi. Deni linadai kila mwezi kiasi kilekile, wakati shamba linatoa kwa mkupuo. Kulipa zaidi, kwa watu wa huku, maana yake ya kawaida ni kupeleka benki fungu moja kubwa mara moja kwa mwaka.

Mwalimu alipeleka Sh 2,000,000, akajaza fomu ya kuweka pesa, akaandika namba ya akaunti ya mkopo na neno “ziada”. Taarifa iliyofuata ilionyesha salio lilelile la ratiba, kana kwamba hakuna kitu. Akarudi benki.

“Mwalimu, pesa yako haijapotea,” afisa mikopo alimwambia. “Mfumo umeipokea kama malipo ya mbele. Miezi mitano ijayo hatutakukata, na wa sita tutakata kidogo tu.”

“Na riba?”

“Riba inakwenda kama kawaida, maana salio halijaguswa.”

Hapo ndipo njia tatu za kupokea malipo ya ziada zinapoachana, na tofauti yake ni ya mamilioni.

Njia ya kwanza ni hiyo ya malipo ya mbele. Sh 2,000,000 ni karibu marejesho sita. Benki inazishikilia na kuzitumia mwezi baada ya mwezi. Mkopaji anapumzika kulipa kwa muda, lakini hana alichookoa kwenye riba. Kwa kweli ameikopesha benki pesa bure. Mifumo mingi ya kompyuta huchukua njia hii yenyewe pale mteja asipotoa maelekezo, kwa kuwa ndiyo isiyobadilisha ratiba.

Njia ya pili ni kupunguza deni la msingi kisha kupanga upya marejesho kwa muda uleule. Tuseme Sh 2,000,000 zimeingia mara baada ya rejesho la 12, salio likiwa Sh 23,538,302. Salio jipya ni Sh 21,538,302. Likigawanywa upya kwa miezi 168 iliyobaki, rejesho linashuka hadi Sh 307,360. Mshahara unapata nafuu ya zaidi ya Sh 28,000 kila mwezi, na riba inayookolewa hadi mwisho ni kama Sh 2,795,000.

Njia ya tatu ni kupunguza deni la msingi na kuacha rejesho lilelile la Sh 335,901. Kila mwezi riba inadai kidogo zaidi kuliko ratiba ya zamani, na tofauti yote inaingia kwenye msingi. Miezi iliyobaki inakuwa 131 badala ya 168, tena rejesho la mwisho ni dogo, halifiki Sh 60,000. Riba inayookolewa ni kama Sh 10,700,000. Pesa ni ileile, siku ni ileile, benki ni ileile. Kilichobadilika ni maelekezo tu, na maelekezo hayo yana thamani ya karibu Sh 8,000,000 ukilinganisha njia ya pili na ya tatu. Ni haki mkopaji aambiwe hivyo anapofika dirishani, na asipoambiwa aulize kwa sauti.

Mwalimu aliandika barua siku hiyohiyo, sentensi tatu: kwamba kiasi alicholipa kipunguze deni la msingi, kwamba rejesho libaki kama lilivyo, na kwamba apewe ratiba mpya ya marejesho. Nakala ilipigwa muhuri wa kupokelewa. Benki ilipunguza deni kuanzia siku ya barua, si kuanzia siku pesa ilipowekwa. Kwa riba ya asilimia 15, Sh 2,000,000 ni Sh 822 za riba kwa siku, na siku zote pesa ilipokaa pembeni zilihesabika upande wa benki. Tangu hapo barua ilitangulia na pesa ikafuata.

Siku ya kulipa nayo ina uzito wake. Penye riba ya kila siku, pesa iliyoingia tarehe 3 huanza kazi tarehe 3 au 4. Lakini kuna wakopeshaji wanaofunga hesabu mara moja kwa mwezi, na kwao pesa ya tarehe 3 husubiri hadi siku ya rejesho, tuseme tarehe 28. Siku 25 za Sh 822 ni zaidi ya Sh 20,000 kwa fungu moja. Uingereza zamani mikopo mingi ya nyumba ilihesabiwa riba mara moja kwa mwaka: aliyelipa ziada mwezi wa pili wa mwaka wa hesabu alingoja miezi kumi kabla deni lake halijaitambua. Mkopaji hahitaji kujua mfumo wa kompyuta wa benki. Inatosha kuuliza riba inahesabiwa kwa siku, kwa mwezi au kwa mwaka, na malipo ya ziada yanaingia kwenye salio siku gani.

Jambo lenye faida kubwa kuliko yote ni umri wa deni wakati ziada inapolipwa. Sh 2,000,000 zilezile zikilipwa baada ya miaka 12, deni likiwa limebaki Sh 9,690,000 hivi, hukata miezi minane tu na kuokoa riba ya kama Sh 977,000. Mwaka wa kwanza ziliokoa zaidi ya mara kumi ya hapo. Shilingi inayolipwa mapema inafuta riba yake ya miaka 14. Inayolipwa mwishoni inafuta ya miaka mitatu. Kwa bahati mbaya, maisha ya mtumishi yamepangwa kinyume. Pesa nyingi humjia uzeeni, kwenye kiinua mgongo, deni likiwa limeshakula sehemu kubwa ya riba yake. Ndiyo maana kiasi kidogo cha kila mwezi, kikianza mapema, kina nguvu kuliko kinavyoonekana. Kama familia hii ingeongeza Sh 30,000 juu ya kila rejesho tangu mwezi wa kwanza, mkopo ungeisha kwa miezi 138 badala ya 180, na riba ingepungua kwa karibu Sh 10,000,000. Sh 30,000 ni elfu moja kwa siku.

Yote hayo ni kweli kwa riba ya salio linalopungua. Riba bapa ni habari nyingine, na Kilosa imejaa mikopo ya aina hiyo, kuanzia kwa wakopeshaji wadogo wa mitaani hadi baadhi ya vikundi. Hapo riba huhesabiwa mara moja juu ya kiasi chote kilichokopwa, kisha hugawanywa sawa kwa miezi yote. Mkopo wa Sh 6,000,000 kwa miezi 36, riba bapa ya asilimia 1.5 kwa mwezi, unadai riba ya Sh 90,000 kila mwezi, uwe umebakiza milioni sita au laki mbili. Asilimia 1.5 kwa mwezi inasikika kama 18 kwa mwaka. Ukiipima kwa njia ya salio linalopungua inazidi asilimia 30. Anayelipa ziada kwenye mkopo huo hapunguzi riba hata senti, isipokuwa mkataba unasema wazi kwamba atakayemaliza mapema atasamehewa riba ya miezi iliyobaki. Mwalimu alikuwa na mkopo wa namna hiyo pia, wa kununulia bati, na busara yake ilikuwa kuuacha uende kwa ratiba na kuelekeza pesa ya miwa kwenye deni la nyumba, ingawa riba ya bati ilikuwa kali zaidi. Kwenye bati ziada isingezaa kitu.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, inayopanga riba nyingi miezi ya mwanzo kwa makusudi ili anayemaliza mapema apate punguzo dogo. Wamarekani waliiita kanuni ya 78, kwa sababu namba 1 hadi 12 zikijumlishwa zinafika 78: katika mkopo wa mwaka mmoja, mwezi wa kwanza hubeba mafungu 12 kati ya 78 ya riba yote, na wa mwisho fungu moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 iliipiga marufuku kwa mikopo inayozidi miezi 61. Kwa anayefuata taratibu za Kiislamu, kama wateja wa Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, swali ni tofauti tena. Katika murabaha nyumba au vifaa huuzwa kwa bei iliyokwisha kujumuisha faida, na bei hiyo haipungui yenyewe kwa kulipa mapema. Punguzo hutegemea hiari ya muuzaji, hivyo ni vizuri kujua desturi yake kabla ya kusaini.

Mkataba unaweza kuweka tozo ya kulipa kabla ya muda. Uingereza mikopo mingi yenye riba isiyobadilika huruhusu ziada hadi asilimia 10 ya deni kwa mwaka bila adhabu, na kinachozidi hapo hutozwa. Tanzania masharti hutofautiana kati ya benki na benki. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe gharama na masharti kwa uwazi, na kifungu cha kulipa mapema ni sehemu ya masharti hayo. Tozo ya asilimia 2 juu ya Sh 2,000,000 ni Sh 40,000, kiasi ambacho riba iliyookolewa mwaka wa kwanza wa mkopo hukifunika ndani ya miezi miwili. Mwishoni mwa mkopo hesabu ni nyembamba zaidi. Ada ya mkopo na bima iliyolipwa mwanzoni kwa kawaida hazirudi, kwa hiyo zisiingizwe kwenye faida ya kulipa mapema.

Zipo pesa ambazo hazifai kupelekwa kwenye deni hata hesabu ikisema zipelekwe. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukabomoa nyumba za Kilosa, ukakata reli, na maelfu ya watu wakahamia kambini. Aliyekuwa na akiba kidogo wakati ule aliweza kupanga chumba na kununua chakula. Pesa iliyokwisha kuingia kwenye salio la mkopo haitoki tena. Benki haitairudisha kwa sababu maji yameingia ndani, wala haitaihesabu kuwa rejesho la mwezi ujao. Ndiyo maana familia ya Mikumi ilianza na akiba ya miezi michache ya matumizi, ikaiacha benki kwenye akaunti ya kawaida yenye riba ndogo, na ziada pekee ndiyo ikaenda kwenye deni. Kwa hesabu tupu ni hasara. Kwa wilaya yenye mito kama hii ni lazima.

Adui mwingine wa malipo ya ziada ni topapu. Salio likishapungua, afisa mikopo hupiga simu na habari njema kwamba mteja ana nafasi ya kuongeza mkopo. Akikubali, deni hurudi juu, muda huanza upya, ada na bima hulipwa tena, na mwezi wa kwanza wa mkopo mpya unafanana na ule mwezi wa Sh 35,901. Kazi ya miaka mitatu ya miwa inaweza kufutika kwa saini moja. Mkopo wa pili unaweza kuwa na sababu nzuri, ya matibabu au ada ya shule, lakini bei yake halisi ni pamoja na riba iliyokuwa imeshaokolewa.

Kumaliza deni kuna utaratibu wake. Salio linaloonekana kwenye taarifa ya mwezi si kiasi cha kumalizia, kwa kuwa riba imeendelea kuhesabiwa tangu taarifa ilipochapwa. Mkopaji huomba kwa maandishi kiasi cha kumalizia mkopo hadi tarehe fulani, na benki hutaja na riba ya kila siku itakayoongezeka tarehe hiyo ikipita. Akilipa Ijumaa jioni kwa wakala na pesa ikasomeka Jumatatu, siku tatu hizo zinabaki kama deni dogo la shilingi elfu kadhaa, na deni dogo linaweza kuendelea kuzaa faini kwenye akaunti ambayo mwenyewe anaamini imefungwa. Baada ya salio kusoma sifuri hufuata barua ya kuthibitisha kumaliza mkopo, kufutwa kwa maagizo ya makato kwenye mshahara, na hati ya kuondoa rehani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwenye nyumba haki ya kufutiwa rehani akishalipa deni lote, lakini kufutwa huko hukamilika kwa kusajiliwa na Msajili wa Hati, si kwa benki kurudisha karatasi. Hati ikirudi, ukurasa wa kuangaliwa ni ule wenye kumbukumbu za rehani, kuhakikisha ile ya benki imeandikwa kuwa imeondolewa, pamoja na tarehe na muhuri wa msajili.